Nani Kasema Fildi ni Dar Tu?

Wadau, leo naomba tuongelee jambo linalowagusa wengi wetu tuliosoma vyuo vya biashara, au wenye wadogo zetu wanaomaliza sasa. Nazungumzia fildi, pamoja na ule mwaka wa kutafuta uzoefu baada ya kuhitimu ambao serikali inauita utarajali. Na nataka kuongea nikiwa nimesimama Kilosa na Mikumi, siyo Posta wala Masaki.

Mdogo wangu wa kike amemaliza stashahada ya biashara. Ana mtoto wa mwaka mmoja ambaye bado ananyonya, na mama yetu aliyepo Mikumi anasumbuliwa na presha. Alipata nafasi mbili. Ya kwanza ni kampuni moja ya Dar, jina nalihifadhi: miezi sita, hakuna posho, hakuna nauli, malipo yake ni "uzoefu". Ya pili ni kwenye chama cha wakulima wa miwa huku kwetu, wanatoa nauli na hela ya chakula. Akachagua ya pili.

Jamani, maneno aliyoyapata! Mjomba kauliza kama alisomeshwa ili aje kuhesabu miwa. Wenzake wa chuo wanamwambia amejizika mapema. Mimi nasema katika ukoo mzima yeye ndiye aliyepiga hesabu sawasawa.

Hebu tupige wote. Ukienda Dar bila ndugu wa kukupokea, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita mkononi. Kuna daladala asubuhi na jioni, kuna chakula cha mchana, kuna nguo za ofisini. Halafu mtoto. Ama umlipe dada wa kumlea, ama umwachie bibi mgonjwa Mikumi. Upande wa mapato andika sifuri. Mwanafunzi yeyote wa uhasibu akikuletea biashara ya namna hiyo kwenye mtihani, utamwambia aifunge.

Kuna waliosema, mbona siku hizi kuna treni ya umeme, si atakuwa anakuja wikiendi? Ni kweli, tangu 2024 treni ya SGR inatoka Dar hadi Dodoma na Kilosa kuna stesheni. Lakini Mikumi haipo kwenye reli hiyo ya SGR, ipo kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia. Ukishuka Kilosa bado una safari nyingine ya gari. Na tiketi ya kila wiki inalipwa na nani, kama mwenyewe halipwi?

Hapa ndipo pananiuma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 84 za likizo ya uzazi, na inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa mbili kwa siku kumnyonyesha mtoto. Safi kabisa. Lakini binti wa fildi kwa kawaida hana mkataba wa ajira, ana barua ya kukubaliwa tu. Anaingia asubuhi, anatoka jioni, anafanya kazi za watu wanaolipwa, na akiomba ruhusa ya kwenda kunyonyesha anaonekana hayupo siriasi. Mwaka 2017 serikali ilitoa mwongozo wa utarajali kwa wahitimu, ni hatua nzuri. Ila mtu wa masjala anayepokea barua za maombi mara nyingi hata hajausikia.

Matokeo yake ni nini? Nafasi nzuri zinachukuliwa na wale ambao baba yupo Dar, chumba kipo, chakula kipo. Baadaye kazi ikitangazwa wanaulizwa uzoefu, wanao. Yule wa Kimamba au Kidodi mwenye mtoto anaambiwa hakujituma. Tunaita ushindani, kumbe wengine walianza mbio wakiwa wameshafika nusu ya uwanja.

Sasa turudi kwenye "kuhesabu miwa". Mkulima mdogo wa huku anauza miwa kwenye kiwanda cha sukari cha Kilombero kupitia chama chake. Halipwi uzito peke yake, kiwango cha sukari kwenye muwa nacho kinaangaliwa. Kuna gharama za kukata, za kusafirisha, kuna mkopo wa mbolea wa kukatwa. Mkulima akikuuliza kwa nini kapata pungufu ya mwaka jana, inabidi umweleze hadi aelewe, tena kwa Kiswahili na siyo kwa misamiati ya darasani. Nionyesheni ofisi ya ghorofani itakayompa mwanafunzi wa stashahada kazi hiyo. Wengi huko wanaishia kutoa kopi na kumletea bosi chai.

Na siyo miwa tu. Mikumi ina hifadhi ya taifa tangu 1964, ina gesti, hoteli na malori usiku na mchana. Kilosa kuna mkonge, kuna saccos, kuna halmashauri yenye vitabu vya mapato. Ni biashara hizo hizo za kwenye notsi zetu, ila hizi zina vumbi.

Sikatai, Dar kuna michongo. Kujuana kupo na makampuni makubwa yapo huko. Mwenye uwezo wa kwenda aende, na asiwe na hofu. Ninachokataa ni kumfanya aliyebaki aonekane amefeli.

Ila na sisi ndugu tujirekebishe. Mtu akifanya fildi nyumbani tunamwona yupo likizo. Atumwe sokoni, akakeshe msibani, ampeleke bibi hospitali, apike, na saa mbili asubuhi awe ofisini. Mdogo wangu aliniambia, "Kaka, ofisini nachoka kidogo, nyumbani ndiyo nachoka kabisa." Kama tumekubali abaki, basi tukubali pia kwamba anafanya kazi. Kaka zake tunaweza kumpeleka mama kliniki. Na baba wa mtoto naye mikono anayo.

Kwa vyuo: mwalimu anayekagua fildi afike na Ruhembe, asiishie mjini Morogoro. Kwa waajiri: kama huna mshahara wa kumpa, mpe nauli, mpe chakula, na mpe mama muda wa mtoto wake. Na mkisoma maombi ya kazi mkakuta "chama cha wakulima, Kilosa", ulizeni alifanya nini huko kabla ya kugeuza ukurasa.

Nawasilisha.