Punda asife, na mzigo ufike

MPWA wangu mmoja anayefanya kazi Marekani alipokuja likizo mwaka jana alinifungulia simu yake akanionyesha picha ambayo sijaisahau. Ilikuwa picha ya trela refu jeupe lililofungwa nyuma ya pikapu. Sehemu ya mbele ya trela hilo ilikuwa chumba kamili: kitanda, jiko dogo la gesi, meza ya kukunja na dirisha lenye pazia. Sehemu ya nyuma ilikuwa zizi la farasi wawili. Alinieleza kwamba ziko familia huko ambazo majira ya joto yakiingia hupakia farasi, watoto na vyungu, zikaenda kupiga kambi mwituni kwa siku kadhaa, na kwamba mjadala mkubwa miongoni mwao ni namna ya kupata trela la bei nafuu. Kisha akacheka, akaniuliza, "Mjomba, na nyinyi hapa Rabai mna nini?"

Nilimjibu kwamba sisi tuna gari la punda. Alidhani namfanyia mzaha. La hasha, sikuwa na mzaha hata chembe.

Ndugu msomaji, nasi pia hupakia mnyama, watoto na vyungu tukaenda kupiga kambi, ila hatufanyi hivyo kwa kujistarehesha. Mvua za masika zikikaribia, wenye mashamba yaliyo mbali na maskani yao, kama vile sisi tunaolima pande za Ruruma na Mwawesa, huhamia huko kwa majuma mengi. Hujenga kibanda cha makuti na dungu la kulindia mahindi, maana tumbili hawalali mchana na nguruwe-mwitu hawalali usiku. Huenda na majembe, mbegu, unga, mikeka, mitungi ya maji, kuku wawili watatu na mtoto mchanga mgongoni mwa mamaye. Hiyo ndiyo kambi yetu. Na chombo kinachobeba yote hayo, aghalabu, ni gari la magurudumu mawili linalovutwa na punda. Kwa hiyo swali la wale Wamarekani ni swali letu pia: gari lipi lenye bei ambayo familia ya kawaida inaweza kuimudu, na ambalo litawafikisha salama watu na mnyama wao?

Asiulize mtu mbona hatufugi farasi. Mbung'o na maradhi vilikwisha kutuamulia jambo hilo zamani. Kwa karne nyingi ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, pamoja na ule unaoitwa tauni ya farasi, uliwateketeza farasi wengi walioletwa katika sehemu hizi. Punda naye huugua nagana, lakini huhimili zaidi kuliko farasi, na tauni ya farasi humuua kwa nadra sana. Hata historia ya mji wetu inamtaja. Mwezi wa Agosti mwaka 1846, wamishenari Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walipokuja kuanzisha kituo chao hapa Rabai, wote wawili walikuwa wanaumwa na homa. Walikuwa na punda mmoja tu baina yao, wakapokezana kumpanda katika safari ile ya kupandia kilimani. Wageni huja hadi leo kuitazama jumba la makumbusho la mahali pale. Punda hakuwekewa hata kibao.

Sitaki kuandika kama mtu asiye na dhambi katika jambo hili. Mimi mwenyewe nilinunua gari langu la kwanza kwa kutazama bei tu. Lilikuwa limeundwa kwa mbao nzito juu ya ekseli ya gari kuukuu, na lilikuja na nira ya ng'ombe, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo muuzaji. Nilijisifu kwamba nimepata kwa bei ya mbuzi watatu kitu ambacho wenzangu walikipata kwa mbuzi sita. Katika masika ya mwaka 2018, mvua zilipozidi kipimo, tulikuwa kambini shambani. Usiku mmoja mwanangu wa mwisho alishikwa na homa kali hata akaanza kutetemeka mwili mzima. Njia ilikuwa tope tupu na hapakuwa na pikipiki ambayo ingethubutu kupita. Nilimfunga punda, nikamlaza mtoto garini juu ya mkeka, tukaondoka.

Hatukufika mbali. Kwenye mteremko wa kwanza gari lilimsukuma punda kwa nyuma, maana halikuwa na breki wala ukanda wa kulizuia. Kwenye mwinuko uliofuata punda alisimama, wala hakukubali kwenda tena. Nilimpiga. Nasema jambo hili kwa aibu: nilimpiga sana. Mke wangu alipomulika kurunzi shingoni mwake ndipo tulipoliona donda pana kama kiganja, palepale nira ilipokuwa ikimkalia. Alikuwa amevuta maji yetu na mbegu zetu majuma yote yale akiwa na donda lile, na mimi sikupata kutazama. Tulimwacha njiani, nikambeba mtoto mgongoni kwa saa mbili hadi barabarani. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe. Punda hakuumaliza mwaka.

Tangu siku hiyo naichukia methali isemayo "punda afe, mzigo wa tajiri ufike." Nimejifunza kwamba punda akifa mzigo haufiki. Aidha, si kweli kwamba mwenye punda ni tajiri. Kwetu mwenye punda ni mjane anayeuza maji, ni kijana anayesomba makuti na nazi, ni mkulima anayehamia shambani na wanawe. Watu hawa hawawezi kununua punda wa pili pindi wa kwanza anapokufa.

Basi tuangalie machaguo yaliyopo, moja baada ya jingine.

La kwanza ni kumtwika punda mgongoni. Gharama yake ni matandiko tu, na katika vijia vyembamba vya vilima vyetu mara nyingine hakuna njia nyingine. Lakini mnyama mmoja mgongoni hubeba kidogo. Mitungi minne ya lita 20 pekee ni kilo 80, na hiyo tayari imezidi kwa punda wengi wa kwetu walio wadogo wa umbo. Familia haihami kwa njia hiyo isipokuwa kwa safari nyingi.

La pili ni gari zito la ekseli kuukuu, kama lile langu. Ni imara na vipuri vyake hupatikana, lakini uzito wake wenyewe ni mzigo kabla hujapakia hata mtungi mmoja. Gari hili lastahili punda wawili. Anayelifungia punda mmoja amenunua kwa bei nafuu, kisha analipa kidogo kidogo kwa afya ya mnyama.

La tatu ni gari jepesi: fremu ya chuma chembamba kilichochomelewa, magurudumu yenye beringi na matairi ya upepo, na sakafu ya mbao. Fundi wa jua kali mwenye mashine ya kuchomelea anaweza kuliunda. Miti miwili ya ubavuni anamofungwa punda si lazima iwe ya chuma, kwani mvinje, ambao wakulima wengi wa Kilifi huupanda kwa ajili ya kuuza nguzo, hufaa sana. (Wala asije mtu akafikiria kwenda kukata miti ya kaya kwa kazi hii. Makaya yetu yametiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2008, na kabla ya UNESCO wazee walikwisha kukataza.) Bei ya gari hili huanza juu kuliko ya lile kuukuu, lakini hili ndilo la bei nafuu kwa kweli.

La nne ni kukodi pikipiki au pikapu. Kwa mgonjwa, pale panapopitika, ni jambo la busara. Kwa kuhamia shambani na kurudi, na kwa maji ya kila siku, nauli hiyo huila mavuno kabla hayajavunwa.

Lakini gari peke yake halitoshi. Yako mambo manne ambayo gharama yake ni ndogo mno, na ambayo laiti ningeyajua mapema yule punda wangu angekuwa hai. Kwanza, nira ni ya ng'ombe mwenye nundu. Punda hana nundu. Nguvu zake zimo kifuani, kwa hiyo afungwe ukanda mpana wa kifuani, uliotandikwa gunia au kitambaa ili usimchubue. Pili, pawe na ukanda wa matakoni unaoshikilia gari kwenye mteremko, na ikiwezekana breki ya mkono, kwa sababu Rabai ni nchi ya vilima. Tatu, mzigo ulingane juu ya ekseli. Ukiegemea mbele, unamkandamiza mnyama. Ukiegemea nyuma, unamwinua kwa tumbo. Kipimo chake ni rahisi: gari likiwa limepakiwa, mtu mzima aweze kuziinua ncha za ile miti ya ubavuni kwa mkono mmoja. Nne, pabandikwe vibamba vya kuakisi mwanga nyuma ya gari, maana barabara ya Mazeras usiku haina huruma kwa chombo kisicho na taa.

Najua watakuwapo wasomaji watakaosema kwamba zama za punda zimepita, na kwamba mwandishi huyu anataka kuturudisha nyuma. Nawajibu kwa hesabu. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8 nchini Kenya. Ile ya mwaka 2019 iliwakuta takriban milioni 1.2. Walikwenda wapi? Kuanzia mwaka 2016 vilifunguliwa vichinjio vinne vya punda nchini, hasa kwa sababu ya ngozi zao, ambazo huchemshwa na kutengenezwa dawa inayopendwa Uchina. Punda jike hubeba mimba kwa muda wa kama mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Hawezi kushindana na kisu. Wizi wa punda ukaenea, wenye magari ya punda wakalia, na mwezi wa Februari mwaka 2020 serikali ikapiga marufuku biashara hiyo. Mahakama Kuu iliibatilisha marufuku hiyo mwaka 2021. Hatimaye, Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana mjini Addis Ababa kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Je, mnyama ambaye zama zake zimepita angewashughulisha marais namna hiyo? Na wale walionyang'anywa punda wao hawakupewa lori badala yake. Mizigo ilirudi vichwani mwa wanawake.

Nini basi kifanyike? Katiba ya mwaka 2010, katika jedwali lake la nne, imeziachia kaunti kazi nyingi, na miongoni mwake zimo hizi tatu: ufugaji na udhibiti wa maradhi ya mifugo, ustawi wa wanyama, na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hiyo kila kinachohitajika kimekwisha kukabidhiwa mlango mmoja, huko Kilifi. Vijana wetu wanafundishwa kuchomelea vyuma katika vyuo hivyo. Mara nyingi huchomelea madirisha na milango. Kwa nini wasipewe mchoro mmoja uliopimwa vyema wa gari jepesi la punda, pamoja na hatamu na mikanda yake, wakaliunda na kuliuza kwa wenyeji kwa bei ya vifaa na ujira mdogo? Maofisa wa mifugo nao wangetenga siku moja kila msimu kabla ya masika, wakaja kukagua shingo, kwato na meno ya punda kabla familia hazijahamia mashambani. Mambo haya hayahitaji mkopo kutoka ng'ambo.

Nasi wananchi tusikae kungoja. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, imekuwapo miaka mingi, na inakataza kumpakia mnyama kupita kiasi. Lakini hakuna askari atakayesimama kwenye kila kijia. Afadhali vikundi vyetu vya akiba, vile vinavyonunulia wanachama sufuria na mabati kwa zamu, vianze kununua kwa zamu magari mepesi na mikanda ya kifuani. Watu kumi wakichanga, hakuna atakayelazimika kununua uchakavu kama nilivyofanya mimi.

Husemwa pia kwamba shukrani ya punda ni mateke. Mimi nimeishi na punda wawili. Wa kwanza alinivutia maji kwa donda bichi, wala hakuwahi kunipiga teke. Aliyepiga nilikuwa mimi. Wa pili, niliyempata baada ya miaka mitatu ya kudunduliza, anavuta gari jepesi lenye ukanda wa kifuani, na shingo yake haina hata kovu. Masika iliyopita alitupeleka shambani watu watano, kuku watatu na mitungi yetu yote, akaturudisha na mahindi.

Mpwa wangu alimpiga picha kabla ya kuondoka. Aliniambia atawaonyesha marafiki zake huko aliko, wale wenye trela jeupe.