Jina langu si kosa

Manze, nimechoka! Juzi nikiwa Kondele najaza fomu ya kazi mtandaoni, naandika Ong'ayo, inaniambia: "Jina si sahihi." Si sahihi aje, na liko kwa kitambulisho?

Shida ni rejeksi, ile kanuni ya kukagua maandishi. Msee ameandika ^[A-Za-z]+$, yaani A hadi Z pekee. Ritifaa? Nje! Nyang'oma, Ng'ang'a, hata ng'ombe hapiti hapo. Nikiitoa, jina halilingani na kitambulisho, kazi inaenda.

Namba za 01 nazo zilikuja 2019, lakini kuna fomu bado zinadai 07.

Wewe developa wa Kisumu, umesoma na kina Ong'ayo. Ruhusu ritifaa zote mbili, ' na ’ ya simu: ^[A-Za-z'’ -]+$. Mimi sibadilishi jina. Badilisha rejeksi.