Haluli si Dawa ya Kila Tumbo

Katika nyumba zetu nyingi, mtu akilalamika kwamba tumbo linamsokota na choo hapati, shauri la kwanza ni apewe haluli. Isipokuwepo haluli huletwa mafuta ya nyonyo au sanamaki iliyochemshwa, na mgonjwa huambiwa ajilaze mpaka dawa ifanye kazi. Mara nyingi hufanya, kwa kuwa kilichomsumbua ni choo kigumu tu. Wiki hii tunapenda kumweleza msomaji habari ya tumbo la namna nyingine, ambalo dawa hiyo huweza kuliharibu kabisa: tumbo ambalo utumbo wake umeziba ghafla.

Utumbo mwembamba wa mtu mzima hukaribia urefu wa mita 6, na ule mpana huongeza mita 1 na nusu hivi. Kila siku hupita humo lita 8 hivi za maji. Sehemu kubwa ya maji hayo hayakunywewa. Ni mate, nyongo na maji mengine ambayo mwili huyatoa ili kusaga chakula, na karibu yote hunyonywa yakarudi katika damu. Njia ikizibwa, maji na hewa hukusanyika nyuma ya kizuizi. Utumbo hujikaza ili uvisukume, na ndiyo maana maumivu huja kwa mawimbi: huuma mpaka mtu akajikunja, huachia, kisha hurudi. Mgonjwa hutapika, na mwili hukauka ilhali tumbo limejaa maji. Haluli huvuta maji zaidi ndani ya utumbo, na sanamaki huuhimiza usukume kwa nguvu zaidi, na mlango bado umefungwa. Utumbo huweza kupasuka.

Liko jambo zito kuliko kuziba kwenyewe, nalo ni kukatika kwa damu. Kipande cha utumbo kikibanwa au kikijisokota pamoja na mishipa yake ya damu, huanza kufa baada ya saa chache, mara nyingi zipatazo 6. Utumbo uliokufa hutoboka, uchafu wake humwagika tumboni, na sumu huenea katika damu. Madaktari wa upasuaji huhesabu saa wakati familia bado inahesabu siku.

Sababu za kuziba ni nyingi. Moja tutaisema kwa kirefu kwa kuwa tunaishi nayo na tunaionea haya: ngiri. Wako wanaume wanaotembea na uvimbe wa kinena miaka 10, kila jioni wakiurudisha ndani kwa mkono, na hakuna ajuaye isipokuwa wake zao. Wanawake nao huipata, kitovuni au chini ya kinena, na hiyo ya chini ya kinena ni hodari wa kubana. Siku uvimbe ukikataa kurudi, ukawa mgumu na wenye kuuma, kuna uwezekano mkubwa kwamba utumbo umenaswa humo. Usisukumwe kwa nguvu wala usikandwe kwa maji ya moto. Ni safari ya hospitali saa ile ile. Na ngiri iliyoshonwa mapema, kabla haijabana, ni upasuaji mdogo ambao wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au ya pili yake.

Hapa tuna neno na wenzetu wa kamati za misikiti. Fedha ya sanda na gari la maiti hupatikana kabla ya swala inayofuata. Mchukuzi wa mizigo anayeomba asaidiwe kushonwa ngiri huambiwa angoje Ijumaa nyingine, kwa kuwa anaonekana mzima. Kwa maoni yetu yeye ndiye wa kutangulizwa.

Sababu ya pili ni makovu ya ndani. Aliyewahi kupasuliwa tumbo, iwe kwa uzazi au kwa kidole tumbo, huweza kubaki na nyuzi za kovu zinazonatisha utumbo, na utumbo ukanaswa hata baada ya miaka 20. Kwa watu wazima, utumbo mpana huweza kujisokota wenyewe au kuzibwa na saratani. Kwa watoto huweza kuwa fundo la minyoo. Kwa mtoto wa kati ya miezi 3 na miaka 2, kipande kimoja cha utumbo huweza kumezwa na kingine: mtoto hulia kwa vipindi akikunja miguu, kisha hulegea, na baadaye hutoa choo cha ute na damu. Mama huambiwa ni chango, au ni meno. Si meno.

Dalili kuu ni nne: maumivu ya mawimbi, kutapika, tumbo kuvimba, na kukosa choo pamoja na upepo. Hazifiki zote kwa pamoja. Kizuizi kikiwa juu, kutapika hutangulia, na choo kilichokuwa chini ya kizuizi huweza bado kutoka, watu wakadhani mambo yamefunguka. Kikiwa chini, hutangulia kuvimba. Maumivu yakiacha kuja na kuondoka, yakawa ya mfululizo, na homa ikapanda, huenda utumbo umeanza kufa. Katika Ramadhani mambo haya husingiziwa swaumu, na mgonjwa akaachwa hadi futari.

Matabibu wa Kiislamu wa zamani walikuwa na jina pana la maumivu makali ya matumbo, kuziba kukiwemo: qulanji. Ibn Sina aliuandikia ugonjwa huo risala maalumu, na ndio uliomuua huko Hamadhan mwaka 1037. Mwanafunzi wake, al-Juzjani, ameeleza kwamba shehe wake, kwa haraka ya kupona, alijipiga bomba mara 8 katika siku moja, hata matumbo yakapata vidonda.

Hospitalini hawaanzi na kisu. Mgonjwa hazuiliwi kusomewa, ila asipewe chochote cha kumeza, si uji, si zamzam, si kombe. Hupitishiwa mpira puani hadi tumboni ili kutoa maji na hewa; njia hii ilienezwa na daktari Owen Wangensteen wa Minnesota, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1930, na iliokoa wengi. Hutundikiwa dripu, hupimwa damu na mkojo, hupigwa picha. Walionaswa na makovu, wengi hufunguka bila kupasuliwa katika siku 2 au 3, mradi hakuna dalili ya utumbo kufa. Utumbo mpana uliojisokota huweza kufunguliwa kwa mpira kupitia njia ya haja kubwa, ingawa upasuaji hufuata baadaye kwa kuwa hupenda kujirudia. Mtoto huweza kufunguliwa kwa hewa au maji yanayosukumwa kwa njia hiyo hiyo.

Yasipofaa hayo, hupigwa nusu kaputi na tumbo hufunguliwa. Mpasuaji huondoa kinachobana, huufunika utumbo kwa vitambaa vya maji ya vuguvugu, na kungoja dakika kadhaa. Ukirudisha wekundu wake na kuanza kucheza, huachwa. Ukibaki mweusi, hukatwa na ncha mbili nzima zikashonwa pamoja.

Saa nyingi hupotea kabla ya hapo, kwenye sahihi. Hungojwa mume aliye safarini, hungojwa mjomba, hungojwa kikao. Mtu mzima mwenye fahamu hujitilia sahihi mwenyewe, mwanamke na mwanamume. Na kama daktari wa kike hayupo, dharura humruhusu wa kiume.

Wengine hukataa kwa kuogopa kutolewa utumbo ubavuni na kuvishwa mfuko, wakisema watasali vipi. Wanavyuoni wamemlinganisha mtu huyo na asiyeweza kuzuia mkojo: hujisafisha, hutia udhu baada ya wakati wa swala kuingia, na husali. Mara nyingi mfuko huo ni wa miezi michache, kisha utumbo hurudishwa ndani. Aliyepasuliwa aiweke vizuri karatasi ya hospitali inayoeleza alichofanyiwa, na tumbo likimsokota tena, hata baada ya miaka, aende nayo.