Pete ya Himmel
Mashabiki wa Frieren, manga ya Kijapani inayoandikwa na Kanehito Yamada na kuchorwa na Tsukasa Abe tangu mwaka 2020, wana nadharia wanayoitetea kwa nguvu: kwamba shujaa Himmel alimposa Frieren bila kutamka neno. Ushahidi wao ni pete. Katika safari yao ya miaka 10, Himmel alimwambia mchawi huyo, ambaye jamii yake huishi zaidi ya miaka 1,000, ajichagulie pambo; Frieren akachukua pete yenye nakshi ya yungiyungi la kioo, ua ambalo katika hadithi hiyo huashiria mapenzi ya milele. Frieren hakujua. Himmel, kwa dalili zote, alijua: alipiga goti akamvisha kwenye kidole cha pete, mkono wa kushoto. Wanaopinga husema ulikuwa urafiki tu, maana Himmel alipenda madaha popote alipokwenda. Ni kweli alipenda, ila hoja hiyo haitoshi, kwa sababu nakshi ileile inarudi kwenye bangili ambayo kijana Stark anamzawadia Fern, mwanafunzi wa Frieren, na hapo msomaji anaambiwa waziwazi maana ya ua lile. Alama nzito namna hiyo hairudiwi kwa bahati. Upande wa Frieren ndio mgumu zaidi: alilia kwenye mazishi ya Himmel kwa sababu hakuwahi kujaribu kumfahamu mwenzake, na miaka mingi baadaye, pete ilipopotea, aliipata kwa uchawi wa kutafuta mapambo yaliyopotea. Kama huko ni kupenda, basi kulianza Himmel akiwa kaburini.