Wamaza: Filamu mbaya nayo hupepetwa kama mpunga

Jioni, mashine ya umeme inapowaka kwenye nyumba ya video, vijana wa Wamaza hujipanga mlangoni na wazee hupita wakitikisa kichwa. Maneno ya wazee yanajulikana: filamu hizi ni za bunduki, uchawi na matusi, zinapoteza watoto. Maneno ya vijana nayo yanajulikana: usiku hapa hakuna kingine cha kufanya. Mabishano hayo hayaishi, kwa sababu kila upande una ukweli wake.

Wazee hawakosei. Filamu nyingi zinazofika kwa kadi memori na flashi ni za watu kuuana tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa familia iliyokimbia mapigano katika sehemu za Kabambare, mlio wa masasi si mchezo. Mtoto aliyelala porini akisikia mlio kama huo hawezi kuusikia kwenye spika kama mtoto wa Kinshasa anavyousikia. Filamu za Nigeria nazo, kila mtu akiugua, basi bibi kizee wa nyumba ya pili ndiye aliyemloga. Nyingine zina sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ukifika mwisho unaambiwa subiri sehemu ya nne.

Hata hivyo, wanaolalamika leo wanaonekana tena kesho. Wamama wanaposimuliana filamu ya jana wakiwa kisimani, ni nadra kuzungumza juu ya bunduki. Wanazungumza juu ya mjane aliyekataa kuuza shamba la marehemu mume wake. Wanazungumza juu ya kitenge, juu ya namna watu wa kule wanavyopika, juu ya mjomba mlevi aliyewachekesha mpaka machozi. Mmoja atasema: filamu ile ni ya bure kabisa, lakini yule bibi! Katika neno hilo "lakini" ndimo jambo lote lilimo, na linafaa kuheshimiwa kuliko linavyoheshimiwa sasa.

Kupenda kipande kimoja cha filamu usiyoipenda si unafiki, wala si udhaifu wa akili. Ni kazi ileile wanayoifanya wamama wa Maniema kila siku wakiwa na lungo la mpunga mkononi. Makapi yanaruka, mawe yanaokotwa, mchele unabaki. Mtu aliyepoteza nyumba, mbuzi na majirani, akiona kwenye kiwambo uwanja uliofagiliwa vizuri na watoto wakila kwenye sahani moja, anaweza kupata pale kitu ambacho mtengenezaji wa filamu hakukiweka kwa ajili yake. Hakuna sababu ya kumwonea haya.

Tena jambo hili si geni katika nchi hii. Wakati wa ukoloni, serikali ya Ubelgiji ilichuja filamu ambazo Mkongomani aliruhusiwa kuziona. Mapadri wamisionari walitengeneza filamu zao za kufundisha, na katika miaka ya 1950 zilitokea zile za wachekeshaji wawili, Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mwingine mwembamba. Filamu hizo zilimchukua Mwafrika kama mtoto wa kuongozwa, na leo mtu akiziangalia anaweza kukasirika. Lakini watazamaji walichukua kicheko chao. Majina ya wale wawili yalidumu kuliko mafundisho, na baada ya uhuru mchoraji Mongo Sisé aliyaingiza katika hadithi zake za picha.

Katika miaka ileile, vijana wa Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa, walipenda filamu za Marekani za wachunga ng'ombe wenye farasi na bastola. Filamu zile hazikuwahusu hata kidogo. Wao walichukua jina la Buffalo Bill, wakajiita Bills, wakachukua mavazi na mwendo, wakaunda na lugha yao ya mitaani iliyoitwa Hindubill, yaani filamu za Kihindi na Bill pamoja. Wengine walichukua pia ubabe, wakapigana mtaa kwa mtaa na kuwaumiza wasichana. Ndiyo kusema, mchele na mawe vilitoka katika gunia moja. Padri mmoja Mbelgiji, Joseph de Laet, hakusimama mbali akiwalaani. Alikaa nao, akasema lugha yao, nao wakamwita Père Buffalo. Fundisho hilo linaihusu Wamaza ya leo moja kwa moja: kijana anayeangalia peke yake huokota chochote, na kijana aliye na mtu mzima pembeni yake hujifunza kuchagua.

Karibu zaidi na hapa kuna mfano mwingine. Mwaka 1951, Mmarekani John Huston alikuja kupiga picha za filamu yake *The African Queen* katika nchi yetu, kwenye mto Ruiki, upande wa Ubundu, mji ulioitwa wakati ule Ponthierville. Humphrey Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa filamu hiyo. Mtu wa Maniema akiitafuta humo hadithi ya watu wake hataiona: mambo yote ni ya wazungu wawili na mashua yao mbovu, katika vita ya mwaka 1914 kati ya wazungu na wazungu, na Waafrika wanapita nyuma tu. Ana haki ya kuikataa. Lakini mto Ruiki unamwaga maji yake katika Lualaba, Lualaba ileile inayopita Kasongo na Kindu. Mto ule, miti ile na jua lile juu ya maji havikuandikwa na mtu wa Hollywood. Ni vya kwetu, navyo vinaweza kupendwa bila kuipenda hadithi iliyopita juu yake.

Ndugu zetu wa Afrika ya Mashariki walikwenda mbele zaidi. Tanzania, Uganda na Kenya zina wasimuliaji wanaosema juu ya filamu ya kigeni kwa lugha ya watu: Lufufu alijulikana Dar es Salaam, VJ Jingo Kampala, DJ Afro Kenya. Mchina akipigana na Mmarekani, msimuliaji anawapa majina ya mtaani, anaeleza, anatania, anaonya. Mchele mmoja mapishi mbalimbali. Filamu isiyo na ladha hupata ladha kinywani mwake, na mara nyingi watu hulipa kumsikia yeye kuliko kuiona filamu.

Sasa kuna pingamizi linalostahili jibu. Wazazi wengine wanasema: ukimfundisha mtoto kutafuta zuri katika kila kibaya, mwisho ataona kila kibaya ni kizuri. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana kupepeta kuna sehemu mbili. Anayeokota mchele bila kutupa mawe hajapepeta. Baada ya kusema "nilipenda yule bibi," ni lazima kusema pia "nilikataa walivyompiga yule msichana." Mambo yote mawili yasemwe kwa sauti, mbele ya watoto, siku ileile.

Na yako mawe ambayo hayapaswi kuingia hata kwenye lungo. Filamu inayoonyesha mtoto kuwa mchawi, kisha anafungwa au kupigwa ili "apone", si ya kutafutiwa uzuri mbele ya watoto. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu kumsingizia mtoto uchawi. Katika nyumba ambamo familia mbili au tatu zinaishi pamoja, chakula hakitoshi na mtoto wa ndugu aliyekimbia vita ndiye wa mwisho kuhesabiwa, filamu kama hiyo inaweza kumpa mtu neno baya alilokuwa akilitafuta. Hapo wenye nyumba za video wana wajibu, wala wasijifiche nyuma ya biashara.

Vilevile, mama anayesema kwamba hawezi kusikia masasi tena, hata ya filamu, asichekwe wala asibembelezwe. Yeye amekwisha kuchagua. Kukataa nako ni kuchagua.

Yanayoombwa hapa si makubwa, wala hayahitaji mfadhili. Mwenye video aandike mlangoni, kwa Kiswahili, filamu ya leo ni ya namna gani, na kama ina vita aseme wazi. Saa za watoto zitengwe na saa za wakubwa, na sauti isielekezwe barabarani. Mzazi, mjomba au shangazi akae na watoto hata mara moja kwa juma, kisha awaulize maswali mawili wakirudi nyumbani: ulipenda nini, na ulikataa nini? Na redio za jamii zinaweza kuwapa vijana robo saa ya kujibu maswali hayo hewani, kila mmoja kwa filamu aliyoiona. Wasikilizaji ambao hawana franka za kuingia kwenye video watapata mchele bila mawe.

Kijana wa familia iliyokimbia, akijua kusema mbele ya watu kwamba jambo hili ni zuri na lile si zuri, hata kama yote mawili yametoka mahali pamoja, amepata akili itakayomfaa nje ya nyumba ya video. Watakuja watu wenye bunduki na maneno matamu wakimwita. Watakuja watu wa siasa wakigawa fulana. Kila mmoja atakuja na gunia lake, mchele na mawe pamoja, na siku hiyo hakuna atakayempepetea. Afadhali aanze kujifunza sasa, kwa filamu mbaya ya jioni, akiwa bado na mama yake pembeni.