Abiria wa Kagera Hashindwi na Kadi

Kila inapotajwa kadi ya kulipia nauli kwa kuigusisha tu kwenye mashine, hakosekani mtu wa kusema kwamba watu wetu bado hawajafika huko. Juzi kauli hiyo ilirudi kwenye stendi ya Bukoba: eti mambo hayo ni ya London, bibi wa Buhembe akipewa kadi ataishia kuigeuzageuza mkononi. Ni tusi, tena ni uongo.

Bibi huyohuyo hupokea kwa simu fedha za wanawe walioko Dar es Salaam. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, naye anaijua namba yake ya siri, anaangalia salio, na wakala akimkata zaidi anamkamata papo hapo. Kadi ya kugusisha haitaki hata namba ya siri.

Kinachomtesa abiria si kadi, ni kubadili gari. Anayetoka Kagera kwenda Dar es Salaam hushushwa Mbezi, Stendi ya Magufuli, na mizigo yake, na safari ya mjini ndiyo kwanza inaanza. Mabasi ya mwendokasi ya jijini humo yalipoanza Mei 2016, nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650 na ya njia mlishi 400. Aliyeunganisha zote mbili alilipa 800 badala ya 1,050. Mpango mzuri kabisa, ukaachwa ufe kwenye foleni ya dirisha la tiketi, mbele ya mtu anayesema hana chenji. Hiyo chenji! Nchi nzima abiria hudhulumiwa mia mbili mbili, na hakuna anayeiita wizi.

Huko London, tangu Septemba 2014, msafiri wa treni za chini ya ardhi hugusisha kadi ya benki akiingia na akitoka. Akibadili treni katikati, mashine huunganisha vipande vya safari, na nauli ya siku ina kikomo. Hesabu yote inafanywa na mfumo. Abiria hatakiwi kujua lolote. Kigali, jirani kabisa na Bukoba, abiria wa daladala wamekuwa wakigusisha kadi tangu 2015.

Wabishi hukimbilia Nairobi, ambako amri ya mwaka 2014 ya kuondoa fedha taslimu kwenye matatu ilishindwa. Ilishindwa, ndiyo, lakini si kwa ujinga wa abiria. Kadi zilikuwa nyingi, kila moja na mashine zake, na walioishi kwa noti zisizoandikwa popote hawakutaka zihesabiwe.

Kadi huhesabu fedha na abiria pia, na watu wa Kagera wana sababu yao ya kudai kuhesabiwa. Meli ya MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Hadi leo idadi ya waliokufa inabishaniwa.

Serikali tayari ina kadi ya namna hiyo, N-Card, inayotumika kwenye kivuko cha Kigamboni na viwanja vya mpira. Iletwe bandari ya Bukoba, isomeke kwenye meli za Mwanza, kwenye treni ya SGR na kwenye kila geti la mwendokasi, kadi ileile moja.