Bolti ya Injini ya Boti Ikikataa Kutoka

Wiki hii, msomaji, tunaingia chini ya injini ya boti, mahali ambapo spana huteleza na fundi husahau adabu. Wale wa Nairobi na Nakuru mtauliza boti inawahusu nini. Inawahusu sana. Wako akina baba wengi mjini waliojinyima mpaka wakamnunulia ndugu aliye Lamu, Kilifi au Mbita injini ya kufunga nyuma ya chombo. Na wako wanafunzi ambao wakifika nyumbani likizoni hupokewa na ami kwa maneno haya, "Wewe si umesoma? Hebu nitolee bolti hii."

Miezi ya kusi, bahari inapochafuka, ndiyo ya kurekebisha vyombo huko pwani, na kuna kazi moja ya injini isiyofaa kuahirishwa: kubadilisha mpira wa pampu ya maji. Injini hizi hupozwa na maji yale yale zinamoelea. Ndani ya mguu wa injini, juu kidogo ya rafadha, mna kigurudumu cha mpira chenye mapezi ambacho huvuta maji na kuyasukuma juu. Ukiona kijito cha maji kikiruka nyuma ya injini, ujue pampu ingali hai. Mpira ukichakaa, maji hayapandi, injini huchemka kisha hukwama. Ikikwamia karibu na mwamba ambako mawimbi yanavunjika, hakuna aliye chomboni atakayejali tena bei ya bolti.

Kuufikia mpira huo hapana budi kuuteremsha mguu mzima wa injini, nao umeshikwa na bolti chache tu. Hapo ndipo mambo huharibika. Tatu zinatoka, ya nne inagoma, spana inateleza, na kichwa chenye pembe sita kinabaki mviringo kama kifungo cha shati. Nionavyo mimi, bolti iliyokwama si balaa kubwa. Balaa ni mwenye injini ambaye akishindwa nayo huzirudisha zile tatu mahali pake na kwenda majini na mpira ule ule mkuukuu, akisema ataufungua mwezi ujao.

Kwanza tujue kinachoishika. Mguu wa injini ni wa alumini, na bolti aghalabu ni za chuma kisichoshika kutu. Wanafunzi wa kemia wanajua kwamba mwaka 1800 Mwitaliano Alessandro Volta alipanga vipande vya fedha na zinki, katikati akatia vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi, akapata umeme. Bolti ya chuma ndani ya alumini, maji ya bahari yakiwa katikati, ni betri ya namna hiyo hiyo, na katika betri hiyo anayeliwa ni alumini. Bolti inabaki iking'aa huku tundu lake likijaa unga mweupe. Unga huo huchukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, kwa hiyo hubana bolti kila upande kama kabari. Maji baridi ya Ziwa Victoria hayapitishi umeme vizuri, ndiyo sababu injini iliyotumika Mbita kwa kawaida hufunguka kwa urahisi kuliko ya umri wake iliyotumika Shela.

Spana ikiteleza mara moja tu, acha. Mara ya pili ndiyo inayokula kichwa. Sugua pale kwa brashi ya waya, tia mafuta mepesi ya kulegeza kutu, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo mara kadhaa, taratibu na kwa unyofu, kisha nenda zako. Rudi jioni, utie tena. Rudi kesho. Mapigo ya nyundo huvunja ule unga na kuyafungulia mafuta njia. Ami atanung'unika kwamba siku mbili ni nyingi, lakini mguu wa injini ukipasuka hata miezi miwili haitatosha kutafuta pesa za mwingine.

Siku ya kufungua, tumia soketi yenye pembe sita ndani, wala si ile ya pembe kumi na mbili ambayo hushika kwenye ncha tu. Katika injini za Kijapani bolti ya milimita 8 mara nyingi huchukua spana namba 12, na ya milimita 6 huchukua namba 10. Spana ya namba 13 huingia vizuri juu ya kichwa cha 12, ikakuhadaa, kisha ikakila. Kabla ya kufungua, jaribu kukaza kidogo sana. Ikisogea hata unywele mmoja, basi umeshinda. Nenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, ukitia mafuta.

Skrubu za kabureta zina hila yao. Nyingi za Kijapani zina alama ya msalaba inayofanana na ya bisibisi ya Phillips, lakini haiko sawa kabisa. Bisibisi ya Phillips, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1936, huchongoka kiasi cha kuruka nje ukikaza sana, na kila ikiruka hula chuma. Ukiona kitone kidogo kwenye kichwa cha skrubu, tafuta bisibisi ya Kijapani.

Kichwa kikiwa kimeshalika, chonga pande mbili kwa tupa ziwe bapa kisha ushike kwa koleo la kujifunga, au pigilia kwa nyundo soketi ndogo zaidi mpaka ing'ate.

Ikikataa hata hapo, leta moto, na hapa nawaomba vijana wasome polepole. Alumini ikipashwa moto hupanuka karibu mara mbili ya chuma cha kawaida, na hukishinda hata kile kisichoshika kutu. Kwa hiyo pasha alumini iliyoizunguka bolti, usipashe bolti yenyewe, na tundu litalegea. Lakini alumini haikuonyi. Chuma huwa chekundu kabla ya kuyeyuka. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, na zile zilizochanganywa na madini mengine huyeyuka mapema zaidi, bila kubadilika rangi mchana. Mara unaona imeshuka kama mafuta ya kupikia. Mipira ya kuzuia mafuta iliyo karibu nayo huungua mapema zaidi. Tangi la petroli na mpira wake yaondolewe kabisa, hata harufu isiwepo, na mafuta uliyokuwa ukitia yapanguswe. Mimi nyumbani ningeanza na birika la maji yanayochemka, nimimine pole pole juu ya alumini. Watu hucheka, kisha bolti inatoka.

Bolti iliyokatika na kubakisha kishina kinachoonekana ni kazi ya mchomeleaji. Fundi hodari wa jua kali huweka nati juu ya kishina, akaijaza kwa kuchomelea ndani, akangoja ipoe kidogo, kisha akafungua kwa spana. Chuma cha kuchomelea hakishikani na alumini, na joto lile kali hupasua unga ulioibana bolti. Nyaya za umeme za injini zichomolewe kwanza.

Drili iwe ya mwisho. Bolti ni ngumu na alumini ni laini, basi ncha ya drili hukimbilia kwenye ulaini na kutoboa ubavuni. Tia alama katikati kabisa, anza na ncha nyembamba, vaa miwani. Jihadhari na kile chombo cha kung'olea bolti chenye meno ya kinyume. Kikikatikia ndani, drili ya kawaida haikiwezi, na hapo utakuwa umegeuza tatizo dogo kuwa kubwa.

Bolti mpya iwe ya urefu ule ule, kwa maana iliyo ndefu hufika mwisho wa tundu na kupasua alumini. Ipakwe grisi isiyoondolewa na maji, na kila mwaka itolewe na kupakwa tena hata kama hakuna cha kurekebisha.

Halafu kuna kipande cha zinki kilichofungwa kwenye mguu wa injini, ambacho wengi hudhani ni pambo. Mwaka 1824 Mwingereza Humphry Davy aliishauri serikali yao kufunga zinki au chuma kwenye shaba iliyofunika matumbo ya meli za kivita, ili hicho kiliwe badala ya shaba. Shaba ilipona kweli, ingawa konokono na magugu walianza kuzing'ang'ania meli hizo, kwa kuwa shaba haikuwa ikiyeyuka tena na kuwafukuza. Kipande chako hufanya kazi hiyo hiyo ya kuliwa kwa niaba ya alumini. Kikibaki nusu, kibadilishe. Na anayeipaka injini rangi mpya ili ipendeze machoni pa wageni asikipake hicho, kwa sababu kikifunikwa na rangi hakifanyi kazi.